Bunduki Moja, Kaliba Gani? Mwongozo kwa Mwindaji wa Kaengesa

Mkazi wa Kaengesa, huku juu kwenye uwanda wa Ufipa, akifanikiwa kupata fedha ya bunduki, mara nyingi huwa ni fedha ya bunduki moja. Hana kabati la silaha la kuchagua hii leo na ile kesho. Ndiyo maana swali huja likiwa limebanwa: ninunue kaliba ipi itakayonifaa kwa kila mnyama nitakayeruhusiwa kumwinda, kuanzia tohe hadi nyati?

Jibu nitalitoa mapema. Kama nyati yumo katika mipango yako, chukua .375 H&H Magnum. Kama hayumo, .30-06 Springfield itakutosha, tena itakutunzia bega na mfuko. Sababu ziko nyingi, na nyingine hutazikuta kwenye vipeperushi vya wauza bunduki, kwa kuwa zinahusu barabara ya kushukia Bonde la Rukwa, bei ya risasi na mazoea ya mpigaji.

Sheria inakata mjadala mapema

Uwindaji nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake. Umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Hizi ni sheria mbili, ofisi mbili na karatasi mbili. Watu wengi hujichanganya hapa: leseni ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa ya kuua hata nsya mmoja, na leseni ya uwindaji haikupi haki ya kubeba bunduki isiyo na kibali. Maombi ya silaha huanzia kwenye serikali ya kijiji, yakapanda kupitia kamati za ulinzi na usalama hadi polisi. Leseni ya uwindaji unaanza kuifuatilia kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya.

Kuhusu kaliba, kanuni hazikuachii uhuru wote. Kwa wanyama wakubwa na hatari, yaani nyati, kiboko na tembo, kiwango cha chini ni .375. Huwezi kumwendea nyati na .30-06 ukajitetea kwamba unalenga vizuri. Wanyama wengine wamewekewa viwango vya chini zaidi, na jedwali la kanuni linawapanga kwa makundi. Kabla ya kulipa hata shilingi, mwombe Afisa Wanyamapori akuonyeshe jedwali hilo, ulisome mwenyewe kwa macho yako. Muuza bunduki hatakuja kukutetea mahakamani.

Bunduki zinazofyatua mfululizo haziruhusiwi katika uwindaji. Sumu, mitego ya nyaya, mashimo, taa za usiku na kupiga ukiwa ndani ya gari vyote vimepigwa marufuku. Twiga, faru, duma na mbwa mwitu hawaguswi kwa kaliba yoyote. Na gobore lililofuliwa uani, hata kama mfuaji wake ana mkono mzuri, ni silaha haramu. Ufipa ni nchi ya wafua chuma tangu enzi za malungu, zile tanuru ndefu za udongo zilizoyeyusha mawe ya chuma kwa ajili ya majembe na mikuki, na ufundi huo ni wa kujivunia. Lakini mtutu wa bomba la maji ukijazwa baruti humpasukia mwenye nao usoni. Aliye na silaha ya namna hiyo na aisalimishe polisi. Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari.

Unawinda wapi, na mnyama gani?

Kaliba haichaguliwi dukani, inachaguliwa kwa kuangalia nchi unayowinda. Sisi wa Ufipa tuna nchi mbili zilizopishana kwa kimo. Juu ni uwanda wenyewe, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari: mahindi, maharage, ulezi, malisho ya ng'ombe, na miombo iliyobaki vipande vipande. Huku juu mnyama mkubwa ni wa kusikia kwa wazee. Anayekutana na mkulima wa Kaengesa ni nguruwe pori anayefukua mahindi, nyani, na pengine nsya au pongo kwenye vichaka vya mtoni.

Ukishuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, unaporomoka karibu mita 1,000 hadi Bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Muze, Mtowisa na Ilemba. Huko ni joto, mbuga za nyasi na maji. Kuna viboko na mamba wa ziwa. Kuna sheshe, swala wa mbugani ambaye Rukwa ni moja ya makao yake machache nchini. Kuna Pori la Akiba Uwanda, ambalo sehemu yake kubwa humezwa na maji ya ziwa. Kaskazini zaidi, kuelekea Katavi na Rukwa-Lukwati, ndiko kwenye makundi ya nyati, pofu, korongo, palahala, nyamera na punda milia. Pori la akiba si mahali pa kuingia na bunduki kwa sababu tu una leseni mfukoni; leseni hutaja eneo, mnyama na idadi.

Sasa pima uzito. Sheshe dume ana kilo 70 hivi. Tandala mkubwa dume anafika 250. Nyati dume huwa kati ya 600 na 800, na pofu dume mzee anaweza kumzidi. Risasi moja iwatoshe wote hao bila kumchana sheshe vipande na bila kumwacha nyati akitembea. Hapo ndipo ugumu wa kuwa na bunduki moja ulipo.

Namba zinasema nini

Namba ya kaliba ni kipenyo cha mtutu au cha kichwa cha risasi kwa sehemu ya inchi. .30 ni milimita 7.62, .375 ni 9.5, na .458 ni 11.6. Maneno yanayofuata namba ndiyo yanayotaja risasi kamili, na hayo ndiyo yanayoua watu yakipuuzwa. .308 Winchester, .30-06 Springfield na .300 Winchester Magnum zote zina kichwa cha kipenyo kimoja, ila maganda yao hayafanani na haziingiliani. Hata .375 ziko zaidi ya moja: ile ya Holland & Holland ni ya mwaka 1912, na ya Ruger ni ya mwaka 2007. Geuza risasi uangalie kitako chake. Maandishi yanayozunguka fataki lazima yalingane neno kwa neno na yaliyochongwa kwenye mtutu wako. Yasipolingana, rudisha risasi kwenye boksi.

Ukiishika .375 H&H mkononi utaijua bila kusoma. Ni ndefu, milimita 91 kutoka kitako hadi ncha, na juu kidogo ya kitako ina mkanda wa shaba uliovimba kama pete. Bega la ganda halikukatwa ghafla, linateremka polepole kuelekea shingoni. Umbo hilo lina faida porini, kwa sababu risasi huteleza kutoka magazini hadi chemba bila kukwama. Hasara yake ni kwamba urefu huo unadai bolti ivutwe nyuma mpaka mwisho. Mwenye hofu huivuta nusu, akairudisha mbele kwenye chemba tupu, na kifyatulio kinalia tik. Mbele ya nyati hutaki kuusikia mlio huo.

Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 19.4 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde, kikiwa na nguvu ya jouli 5,800 hivi. .30-06, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, husukuma kichwa cha gramu 11.7 kwa mita 820 kwa sekunde, na nguvu yake haifiki jouli 4,000. .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 ina kichwa cha gramu 32.4, kizito lakini cha polepole, na nguvu yake inapita jouli 6,000.

Kwa tarakimu hizo mtu atasema .458 ndiyo mfalme. Kwa askari wa wanyamapori anayetumwa kumzuia tembo aliyevamia shamba, kwa hatua 20, ni kweli. Kwa mwindaji mwenye bunduki moja si kweli. Kichwa kizito cha polepole huanguka mapema, na kumpiga sheshe aliyesimama mita 200 kwenye mbuga wazi ya Rukwa kwa .458 ni kubahatisha. Hapo .375 ina tabia ya ajabu: njia ya risasi yake hewani inakaribiana sana na ya .30-06. Ukiirekebisha ipige katikati kwa mita 200, unalenga bega la sheshe bila kufanya hesabu, na bunduki hiyohiyo inakubalika kisheria kwa nyati. Kwa sababu hiyo imedumu zaidi ya karne, na wawindaji bingwa wengi nchini huwashauri wageni wao kuja nayo.

Bunduki ya Mjerumani iliyoachwa nje kwa unywele

Wazo la bunduki moja ya kila kazi si geni katika nchi hii. Mwaka 1905, wakati nchi hii ikiwa bado koloni la Ujerumani, fundi wa Berlin aliyeitwa Otto Bock alitengeneza risasi ya 9.3x62 akiwalenga walowezi wa makoloni ya Afrika. Walowezi wengi hawakuwa na uwezo wa kununua bunduki za mitutu miwili za Waingereza. Bock aliichukua bunduki ya kawaida ya Mauser, ile ya jeshi lao, akaipa risasi nene: kichwa cha gramu 18.5, nguvu karibu jouli 4,800. Mkulima mmoja, bunduki moja, kuanzia nyama ya chakula hadi tembo wa kwenye shamba la katani. Mimi naiona kuwa risasi yenye akili kuliko nyingi zilizokuja baada yake: haipigi bega sana, haihitaji bunduki ndefu, na inapenya vizuri.

Lakini milimita 9.3 ni inchi .366. Penye kiwango cha .375 inakosa kwa unywele. Kama umerithi au umeuziwa 9.3 yenye nyaraka halali, nenda nayo kwa Afisa Wanyamapori ukaulize inakubalika kwa wanyama gani kabla ya kukata leseni. Waingereza walipoingia, idara zao za wanyamapori zilitegemea sana .404 Jeffery. Nayo ni bunduki nzuri, ila leo risasi zake ni za kutafuta kwa tochi.

Kuna watakaomtaja Bell, yule Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Walter Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, kaliba ya milimita 7 tu. Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini huwa inasimuliwa nusu. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe. Aliwinda kila siku kwa miaka, alitumia vichwa vya risasi vigumu visivyopasuka, na hakuwa na haraka. Sheria ya leo haimruhusu mtu kumwiga, na ni vizuri isimruhusu.

Soft na solid

Wawindaji wetu huita soft ile risasi yenye ncha laini ya madini ya risasi, inayofumuka ikiingia mwilini. Solid ni ngumu kuanzia ncha hadi kitako, haifumuki, inapenya mfupa na kwenda mbali. Kwa swala wote, ngiri na nguruwe pori tumia soft. Solid ikimpita tohe inatoka upande wa pili ikiwa na nguvu ya kumuua mtu au ng'ombe aliye nyuma ya kichaka, na mnyama mwenyewe anakimbia akiwa na tundu dogo.

Kwa nyati, wazoefu wengi hupanga magazini hivi: ya kwanza soft nzuri, nene, iliyoundwa isivunjike, na zinazofuata solid. Sababu ni kwamba ya kwanza unaipiga nyati akiwa ametulia ubavu, mapafu yakiwa wazi. Ya pili na ya tatu unampiga akikimbia, akikupa mgongo au akikujia, na hapo unahitaji kupenya. Pa kulenga ni kwenye mstari wa mguu wa mbele, theluthi moja ya mwili kutoka chini. Watu hulenga juu mno. Nyati ana nundu na mifupa mirefu ya uti juu ya mapafu, kwa hiyo katikati ya umbo unaloliona siyo katikati ya mapafu.

Bunduki mpya ya .375 ikikosea soft ya boksi hili na kupiga vizuri soft ya boksi lile, usishangae. Kila mtutu una risasi unayoipenda. Tafuta moja, shikamana nayo.

Bega ndilo linaloamua

.375 inapiga bega karibu mara mbili ya .30-06 kwa bunduki za uzito unaolingana, na .458 karibu mara tatu. Mtu mzima wa kawaida anaizoea .375 akifundishwa vizuri. Asiyefundishwa hufumba macho, hukaza shingo na kukipiga kifyatulio kwa kidole badala ya kukikamua polepole. Matokeo yake risasi inaingia tumboni. Mnyama aliyepigwa tumboni kwa .375 anateseka kuliko aliyepigwa mapafu kwa .30-06, na nyati wa namna hiyo humsubiri mfuatiliaji kichakani.

Kwa hiyo jipime kabla ya kununua. Omba mwenye bunduki halali, kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika, akuachie upige chache ukiwa umesimama. Usipige ukiwa umelala chini. Kulala kunapeleka nguvu yote begani. Bonyeza kitako kwenye bega, shavu likae kwenye mbao, jicho liwe mbali na darubini kwa upana wa kiganja, la sivyo chuma kitakupasua nyusi. Kama baada ya risasi chache bado unaruka kabla ya mlio, bunduki hiyo si yako kwa sasa. Bora .30-06 unayoipiga kwa utulivu, ukiacha nyati kwa wengine.

Halafu iko habari ya risasi. Bunduki ni gharama ya mara moja, ila risasi ni za kila mwaka, nazo hazipatikani gengeni Kaengesa. Utazisafiria, na utanunua kwa idadi ambayo kibali chako kinaruhusu. Kabla ya kulipia bunduki, muulize muuzaji mwenye leseni kama risasi zake ziko sasa hivi, zilikuwepo mwaka jana, na ni za bei gani. .375 ni ghali. Ila kwa kuwa mapori ya nchi hii yamejaa bunduki zake, ina nafuu ya kupatikana kuliko .416 au .404. .30-06 na .308 huwa rahisi zaidi. Kaliba yoyote mpya yenye jina la kuvutia iliyotoka juzi Marekani, achana nayo. Huko kwao zimejaa madukani. Huku utabaki na fimbo ya gharama.

Kabla ya kushuka bondeni

Barabara ya kushuka Lyamba lya Mfipa inatikisa mpaka meno. Darubini iliyofungwa Sumbawanga vizuri inaweza kufika Muze ikiwa imehama. Ukifika, piga risasi moja au mbili kwenye shabaha, mahali panaporuhusiwa, uhakikishe inapiga ulipoiacha. Chagua bunduki yenye shabaha ya chuma juu ya mtutu pia, kwa sababu darubini ikivunjika huna fundi kule. Joto la bonde halina shida kubwa kwa risasi, ila usiziache juani kwenye bodi ya gari. Beba bunduki chemba ikiwa tupu mpaka uwe umemwona mnyama.

Ukimjeruhi mnyama hatari na kumpoteza, sheria inakutaka utoe taarifa. Usione aibu. Nyati mwenye risasi tumboni atamkuta mwanamke anayeokota kuni au kijana anayechunga kabla hajakukuta wewe. Ukiua mnyama kwa kuokoa maisha, iwe kiboko mtoni au simba zizini, nenda ukatoe taarifa mapema. Meno, ngozi na pembe ni mali ya serikali. Wanyama wakiingia mashambani, mwenye wajibu wa kuitwa kwanza ni Afisa Wanyamapori wa Wilaya au askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na wao wana .458 kwa ajili ya kazi hiyo. Usiende na .30-06 kumfukuza tembo kwenye mahindi.

Nyama ya porini nayo ina karatasi zake. Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, lakini hiyo haina maana kwamba mwenye leseni ya uwindaji anaweza kuchuuza nyama kijijini.

Msimu wa uwindaji wa wenyeji hufunguliwa Julai 1 na kufungwa Desemba 31. Kibali cha silaha hakitoki kwa wiki moja, na mafunzo ya kupiga shabaha yanataka muda. Anayetaka kushuka bondeni Julai akiwa na bunduki halali na bega lililozoea, aende ofisi ya kijiji mwaka mmoja kabla.